Dobi wa Roma Hakusema Neno

Yule dobi wa kwenye filamu ya Warumi hakusema neno. Nalisema hili mwanzo kabisa nisije nikaitwa mwongo baadaye, maana wapo watakaoitafuta filamu hiyo, waitazame kwa lugha yake, kisha waje kuniambia, "Mama, mbona yule mwanamke kanyamaza tu?" Ndiyo, kanyamaza. Walioitengeneza hawakumpa hata neno moja. Yote mliyomsikia akisema katika banda letu, yale mliyokwenda nayo majumbani mkagombana nayo, yalikuwa yangu. Na aliyepigiwa makofi kwa ajili yake alikuwa mume wangu.

Nilikuwa namwita mume. Sasa namwita Mwenye Banda, kwa kuwa banda ndicho kitu pekee alichokijali.

Lilikuwa banda la mabati nyuma ya gereji, na mabenchi yake hayakuwahi kuona randa, hivyo kila aliyekaa aliondoka na kibanzi. Mbele kulikuwa na televisheni kubwa na spika. Pembeni lilining'inia pazia zito jekundu, na nyuma yake kigoda, kipaza sauti na televisheni ndogo. Filamu zilikuja na lugha za wenyewe; mtu wa nyuma ya pazia ndiye aliyewapa watazamaji Kiswahili. Mwanzoni alikuwa yeye. Alikuwa na sauti, simnyimi haki yake. Kisha koo likamharibika, akabaki na sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Siku moja watu wamejaa, filamu imeanza, yeye anakohoa. Mimi nilikuwa nimemletea chai. Akanisukumia kipaza sauti.

"Sema chochote," alininong'oneza.

Nikasema. Nikawa mzee, nikawa askari, nikawa bibi harusi, nikawa mpaka mbwa. Mimi sikusoma. Kiingereza changu kinaanzia kwenye salamu na kuishia hapohapo. Lakini nilikuwa naujua uso wa mtu anayedanganya, na uso wa mtu anayeomba asamehewe ili apate kurudia. Filamu nyingi ni nyuso hizo mbili tu, na farasi.

Ilipokwisha watu walipiga makofi. Mwenye Banda akatoka nyuma ya pazia, akainua mkono juu bila kusema kitu. Wakampa jina: Mdomo Mia. Muuza samaki wa pale jirani, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko samaki wake, alisema mbele yangu, "Huyu baba akiigiza mwanamke anayejifungua, utadhani ana kizazi!" Nilikuwa nimesimama pale na birika mkononi. Nikacheka pamoja nao. Ningefanyaje?

Nilipomwuliza mume wangu kwa nini nisitoke mimi, alinijibu, "Wakijua ni mwanamke, nani ataamini vita?" Mtu ambaye hajawahi kupigana hata na panya.

Tukaendelea hivyo miaka na miaka. Asubuhi nafua nguo za watu, maana mapato ya banda yalijua njia ya mfukoni kwake, ya jikoni kwangu hayakuijua. Alasiri naingia nyuma ya pazia, mikono imechanika kwa sabuni. Katika hali hiyo ndipo ilipofika filamu ya Warumi.

Kaisari amerudi kutoka vitani. Ameamuru mji wote uvae nyeupe, na uwanja mpya uwe tayari kwa sherehe. Mafundi wanaharakishwa, ukuta unawaangukia, nao wanafukiwa humohumo ili kazi isisimame. Mmoja wao ni mume wa dobi. Warumi wale walikuwa wakifulia miguu: wanaingia kwenye mahodhi ya mawe na kukanyaga nguo kama watu wanaocheza. Basi Kaisari anapita pale ukutani kujionyesha ana huruma, joho lake linagusa damu, na askari wanalipeleka kwa dobi lifuliwe. Dobi analipokea. Analitazama. Analiachia lianguke matopeni. Baada ya hapo ni uso wake tu, umejaa televisheni nzima, na ngoma inapigwa polepole. Hakuna anayesema.

Na mimi ilinibidi ninyamaze. Lakini uso ule niliujua. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Damu hii haitoki, Kaisari. Haitoki kwa sabuni, haitoki kwa majivu, haitoki kwa machozi yangu. Livae hivyohivyo, uonekane."

Halafu mtu mmoja akapiga bati kwa ngumi, wakafuata wote, nikadhani paa linashuka.

Tangu siku hiyo neno likawa la mtaa. Mke akimshika mumewe na uongo: vaa hivyohivyo! Mtoto akija na kisingizio cha shati kuchanika: vaa hivyohivyo! Diwani alikuja kueleza kwa nini mtaro mpya umebomoka kabla ya mvua. Hajafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma: "Vaa hivyohivyo, uonekane!" Akarudi kwenye gari lake. Watu wazima waliitazama filamu ile mpaka diski ikaanza kukwama, na wakifika kwa dobi wanasema naye pamoja. Mwenye Banda anatoka, anainua mkono.

Kisha akampata msusi. Sitamsema vibaya msusi. Naye atafika nilipofika. Nilirudi kutoka kufua nikakuta sanduku langu mlangoni, limefungwa kwa kamba vizuri kabisa, utadhani mzigo wa mteja.

"Na banda?" nikamwuliza.

"Banda lina mwenyewe."

"Na Mdomo Mia?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mdomo Mia si mimi? Uliza yeyote."

Hapo ndipo aliponikata maini. Mume nilikuwa tayari kumwachia msusi, na godoro, na vyombo. Lakini kwamba nikifa leo mtaa mzima utasema sijawahi kutamka kitu, hapana. Hilo sikumwachia mtu.

Nikahamia kwa mdogo wangu, fundi cherehani, chumba kimoja, mimi na vitambaa vyake tukigombania kitanda. Siku moja akaja na habari: tangazo limebandikwa gereji. Jumapili alasiri, filamu ya Warumi, diski mpya isiyokwama, na Mdomo Mia mwenyewe.

"Mwenyewe yupi?" nikasema. "Koo kalitoa wapi?"

"Wanasema kamchukua kijana mwalimu wa Kiingereza, anamkalisha nyuma ya pazia." Akaniona navaa viatu. "Dada, leo ni Ijumaa. Na hata Jumapili huendi. Unataka ukajidhalilishe mbele za watu?"

"Nimeshadhalilishwa bila watu. Safari hii wawepo."

Jumapili tukaenda wote wawili, yeye akinung'unika njia nzima. Tukakaa benchi la katikati, nyuma ya muuza samaki. Mwenye Banda alikuwa mlangoni, shati jipya, akajifanya hanioni.

Nimtendee haki yule mwalimu. Alitafsiri sawasawa. Kumbe Kaisari nilikuwa nimemwita jina la baba yake. Kumbe yule mzee niliyemfanya mjomba alikuwa adui. Kila kitu kilikuwa sahihi, na watu walianza kupiga miayo. Fundi wa gereji aliuliza kwa sauti kama kuna taarifa ya habari leo.

Tukafika kwa dobi. Joho likaanguka matopeni. Uso ukajaa televisheni, ngoma ikaanza, watu wakavuta pumzi tayari kusema naye.

Kimya.

"Dobi kapatwa na nini?" akauliza mtu.

"Mdomo Mia, umemeza ulimi?" Muuza samaki huyo. "Mwanamke kafiwa halafu humpi hata neno?"

Mdogo wangu alinishika gauni. Nikasimama gauni likiwa mkononi mwake, nikasema kwa sauti ileile, bila kipaza sauti, maneno yaleyale tangu damu hadi uonekane. Vichwa vyote viligeuka. Wengine walitazama televisheni, wakanitazama mimi, wakatazama pazia, kama watu waliopotelewa na mbuzi.

Mwenye Banda akasimamisha filamu, uso wa dobi ukaganda pale. Mwalimu akatoka nyuma ya pazia, jasho linamtiririka.

"Samahani jamani, lakini huyu mwanamke hasemi chochote! Nimesikiliza vizuri. Amefunga mdomo, tazameni wenyewe!"

"Mwalimu anasema kweli," nikasema. "Hasemi. Nilimsemea mimi. Na Kaisari nilimsemea mimi, na askari, na yule mbwa wa filamu ya kisiwani mliyemlilia."

"Msimsikilize!" Mwenye Banda alikwaruza. "Nimemwacha, ana wivu."

Muuza samaki akamgeukia taratibu. "Hiyo ndiyo sauti yako, baba?"

"Nina mafua."

"Basi tupe Kaisari kwa mafua yako. Kidogo tu. Au tupe yule mama anayejifungua."

Watu wakaangua kicheko. Alifungua kinywa, kikatoka kile kikwaruzo cha bawaba, akakohoa, akatazama chini. Mimi nikampa Kaisari, kifua mbele, sauti kutoka tumboni: "Nani amethubutu kuliangusha joho langu?" Fundi wa gereji alipanda juu ya benchi kwa furaha.

Mwenye Banda akanijia hadi karibu. Safari hii alinena kwa upole, upole ambao sikuusikia tangu uchumba.

"Mama, usiniaibishe. Ingia nyuma ya pazia, umalizie. Mengine tutazungumza nyumbani."

"Nyumba ipi? Ile iliyonitolea sanduku?"

"Nitakurudisha."

"Waambie watu Mdomo Mia ni nani. Hapahapa, kwa hilo koo ulilo nalo. Ukishasema nitaingia hata chini ya meza."

Aliwatazama watu. Watu walimtazama. Ilikuwa sentensi moja tu, hata kwa koo lake asingeishindwa. Hakuisema. Afadhali filamu ikose mwisho kuliko yeye akose jina. Akaenda kuizima jenereta. Feni ikasimama, dobi akatoweka, joto likatushukia.

Basi nikawasimulia sehemu iliyobaki palepale, mlango umefunguliwa, jua linaingia. Wapo walioondoka wakidai walikuja kutazama, hawakuja kusikiliza, na nawaelewa. Waliobaki nikawapeleka hadi Kaisari anapoingia uwanjani na joho lenye doa, mji mzima mweupe unamtazama. Mwalimu alikaa chini pembeni ya mdogo wangu akasikiliza mpaka mwisho, ingawa alijua namna ninavyopotosha.

Wiki ile Mwenye Banda alimtuma mtu, kisha akaja mwenyewe. Alisimama penye mlango wa mdogo wangu akisema juu ya maisha yalivyo magumu, juu ya msusi asiyejua kupika, juu ya mabenchi matupu. Nilimwuliza swali lilelile moja: Mdomo Mia ni nani? Akasema, "Lakini wewe mwanamke kwa nini mgumu hivi?" Nikarudi kwenye beseni langu.

Sasa natafsiri katika banda lililo ng'ambo ya soko. Nimekaa mbele, watu wananiona mdomo na mikono. Mwenye banda hili ni mchoyo wa chai, na spika zake zinakoroma, lakini ubaoni ameandika Mdomo Mia na chini yake ameandika "mama". Juzi mgeni mmoja, tai shingoni, aliinama hadi sikioni kwangu kabla hatujaanza.

"Samahani mama, hivi Kiingereza unakijua?"

"Sikijui," nikamwambia. "Kaa, unawaziba walioko nyuma."