Kiti chenye joto

Yule dereva Mpakistani anayebeba watu kwenda kazini pale mjini Buffalo hutafuna iliki na kugombeza usukani kama ng'ombe mkaidi. Hita ya gari yake inapuliza mbele tu, na mbele hukaa rafiki yake Muhindi. Ila majeshi ya kwao yakirushiana risasi kule Kashmir, Muhindi anafukuzwa nyuma, kiti anapewa Byamungu. Na huyo Byamungu, mkimbizi wa vita mzima mzima, kila asubuhi anamuuliza dereva kwa matumaini: "Patron, bado banapigana?"

Leo kule bado wanapigana, Byamungu yuko mbele. Theluji imefika magoti, Muhindi hatoki nyumbani kwake. "Tumuache, patron, tutafukuzwa kazi!" Byamungu akahimiza. Dereva akashuka, akagonga mlango kwa ngumi mbili, akarudi akimvuta adui yake, kiatu kimoja mguuni, anatetemeka.

"Byamungu, nyuma!"

"Bon, haya, amani imefika," Byamungu akanung'unika huku anakalia baridi. "Ilishindwa kungoja tufike kwanza?"