Sikio la Mbwa Mwitu Langoni

Mwaka ulipotimia tangu mume wangu Zhelyazko atutoke, ilinibidi nibandike tangazo la kumbukumbu langoni, kama afanyavyo kila mwenye adabu hapa mjini Troyan: picha, jina, mistari michache. Chini ya jina nilitaka neno moja tu, mwanahabari. Mume wangu alisoma chuo kikuu Sofia, mji mkuu. Hii si nyumba ya vichekesho.

Wifi yangu Stoyanka aliguna. "Mwanahabari! Wifi, umesahau aliyemuua Tsanko?"

Nitasahauje, wakati mji mzima haujasahau? Zamani hizo, akikimbizana na saa ya gazeti kwenda mtamboni, Zhelyazko alipita kwa Tsanko Belchev, fundi wa mizinga ya nyuki, akaona tangazo langoni. Mvua ilikuwa imefuta picha na tarehe. Jina la Tsanko Belchev lilisomeka vizuri. Akarudi mbio, akaandika taazia ya kuliza watu. Hakukumbuka kwamba mjukuu hubeba jina la babu yake, na kwamba babu ndiye aliyekuwa akikumbukwa. Asubuhi Tsanko aliingia ofisini kwa mume wangu, gazeti mkononi.

"Bwana Minkov, umenisifu mpaka mke wangu amelia. Sasa niambie, nizikwe leo, au nimalize mizinga kwanza?"

Mhariri hakucheka. Zhelyazko akahamia ualimu, na somo lake la kwanza aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa: Gonga mlango kwanza. Wanafunzi walimpenda, maana insha zao mbovu hakuzisahihisha, aliziigiza. Kutoka hapo hadi jumba la vikaragosi hapakuwa mbali. Miaka mingi mtu mwenye shahada alipiga magoti nyuma ya pazia, akilia kama mbwa mwitu. Majirani niliwaambia yuko kwenye sanaa.

Basi juzi, nikichemsha ngano ya kugawia watu siku ya kumbukumbu, Tsanko alikuja na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda.

"Kila mwaka tarehe ya ile taazia alikuja kuhakikisha niko hai," alisema. "Safari hii zamu yangu, shemeji. Ila naona nimechelewa."

Nilimwonyesha maneno ya tangazo. Akatikisa kidole.

"Mwanahabari peke yake? Mimi niliyeuawa naye nakwambia, andika yote! Wajukuu zangu hawamjui huyo mwanahabari. Wanamjua mbwa mwitu. Watapita hapa wasijue nani amekufa."

"Umemsikia marehemu?" Stoyanka alidakia.

Nilichukua kalamu. Tangazo lisilojulisha aliyekufa ni nani tulishalipata moja mjini, na moja latosha.

Nikaandika: mwanahabari, mwalimu, mchezesha vikaragosi. Kwa mpangilio huohuo, sikukubali mwingine. Picha ambayo Zhelyazko amevaa tai tulikuwa nayo moja tu, na ndani yake amemshika kikaragosi chake cha mbwa mwitu mkononi. Hapo nilichukua mkasi, maana heshima ni heshima. Nilimwondoa mnyama mzima, nikabakisha sikio moja kwenye kona, kando ya tai. Stoyanka akaleta gundi.

Wa kwanza kusimama langoni alikuwa mwanasheria mmoja mwenye mkoba, mwanafunzi wa zamani wa Zhelyazko. Nilimchungulia dirishani. Alilitazama lile sikio, akaangaza huku na huku kuona kama kuna mtu, akalia kama mbwa mwitu kwa sauti ndogo. Kisha akagonga mlango.