Aliwapa Watu Pumzi, Wakamkimbia

Nilikuwa nafua mashati yangu uani, kazi ambayo mgane wa umri wangu huifanya vibaya na kwa manung'uniko, jirani yangu aliponiita kutoka upande wa pili wa ua wa matete. "Baba, ile mama ya oksijeni alisha kufa. Ulisikia?" Alilisema hilo huku akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mchi haukusimama. Jana yake tu nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha huyo mama mpaka wauguzi walipotutoa wageni, na nilikuwa nimemwahidi kurudi na machungwa. Nikaendelea kusugua kola ya shati ambayo ilikuwa imeshatakata. Wasomaji wa safu hii mnanijua kuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi ile sikuwa na mtu wa kumpa hata neno moja.

Alikuwa muuguzi wa dawa za usingizi, mmoja wa wale wanaomlaza mgonjwa kabla ya upasuaji na kuilinda pumzi yake mpaka aamke. Katika hospitali moja ya hapa Bunia, ambayo sitaitaja, yeye ndiye aliyeitwa pia wodini mgonjwa aliposhindwa kupumua. Alikuja akisukuma mtungi wa oksijeni kwenye kigari chenye gurudumu bovu, na sauti ya gurudumu hilo ilitosha: ndugu wa mgonjwa walianza kulia kabla hajafika mlangoni. Maana sisi watu wa mji huu tuna imani yetu, na hakuna aliyetufundisha: anayewekewa mpira wa oksijeni puani amekwisha. Si tumewaona waliowekewa wakafa? Tumewaona wengi. Ila hatujiulizi waliletwa hospitali wakiwa katika hali gani, wala tuliuzuia huo mpira kwa muda gani tukiomba na kubishana, hata ulipokuja kuwekwa haukuwa tena na wa kumsaidia. Basi miaka yake yote ya kazi alitembea na jina la Mama Oksijeni, na halikuwa jina la mapenzi. Sokoni wauza samaki walimhudumia haraka ili aondoke. Kanisani, benchi alilokalia lilibaki na nafasi.

Nilimfahamu kwa sababu ya kaka yangu, aliyeletwa kutoka Marabo juu ya pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva ili asianguke, kifua kinakoroma. Shangazi yetu, ambaye ndiye mwenye sauti katika ukoo wetu, alisimama mlangoni mwa wodi akatandaza mikono. "Ile kitu hapana," alisema. "Mutoto ya kaka yangu hatakufa na mupira mu pua." Daktari alieleza kwa Kifaransa, akaeleza tena kwa Kiswahili, kisha akakata tamaa akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mama Oksijeni hakueleza kitu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa wazi, akatoa mpira mpya, akajiwekea mwenyewe puani na kufungua mtungi. Halafu akaanza kumuuliza shangazi habari za nyumbani: maharage yalikubali mwaka ule? Ng'ombe walipona ule ugonjwa wa kwato? Shangazi alijibu kwa kulazimika, macho hayabanduki kwenye pua ya mwenzake. Wakaongea mpaka mambo ya mashamba yakawaishia. "Mama, uniangalie muzuri," muuguzi akasema mwishowe. "Niko nakufa?" Shangazi akamkagua. "Bado," akasema. "Basi tungoje tena?" Wodi nzima ikacheka, na shangazi, akiwa bado amenuna, akashusha mikono. Kaka yangu yuko hai. Analima maharage yake karibu na Nyankunde, na hapendi kusikia nikisimulia habari hii.

Tangu siku ile nikawa nakaa naye kanisani. Msinipe sifa isiyo yangu: mke wangu alikuwa amefariki, watoto wametawanyika, na kwenye lile benchi mtu alipata pa kunyoosha miguu. Baada ya misa tulitembea pamoja hadi njia panda tukibishana juu ya kila kitu, padri, bei ya sukari, hata mvua. Naye hakuwa na mtu nyumbani. Mumewe aliuawa katika vita vya kwanza kati ya makabila ya hapa kwetu, mtoto mmoja yuko Kampala, mwingine Kisangani, na wote wawili walimpenda kwa simu. Aliwahi kuniambia kwamba kitu kilichomchosha si kuona watu wakifa, bali kuona watu wakinyanyuka na mikeka yao anapoingia. Alisema kisha akacheka, lakini nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kitenge, akisingizia vumbi.

Mara moja maishani alipelekwa ng'ambo kwa mafunzo, na kutoka huko alirudi na habari ambayo hakuchoka kuieleza. Aliona mashini inayofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili wa mtu. Mrija mmoja unachukua damu kwenye mshipa mkubwa, damu nyeusi iliyochoka; pampu inaisukuma kupitia kisanduku kinachoitoa hewa mbaya na kuitia hewa safi; mrija mwingine unairudisha mwilini, nyekundu na yenye joto. Zamani, alisema, mashini ya namna hiyo ilitumiwa kwa saa chache tu wakati wa kupasua moyo. Sasa inaweza kumshika mtu kwa siku na majuma, na imepungua ukubwa hata inapakiwa ndani ya gari la wagonjwa. Alimwona mwanamke kijana aliyeunganishwa nayo akiwa macho kabisa, anasuka nywele za mdoli wa binti yake, huku mapafu yake yenyewe yamelala kama watu wa likizo. Nilipomuuliza kama inaponya, alinikatalia kwa ukali. "Haiponyi kitu. Inashika tu. Inapatia mwili wakati ya kupumuzika, na kama mwili inakataa kurudi, mashini hawezi kuilazimisha." Halafu akaongeza jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko mirija yote: mashini ile haiachwi peke yake. Kuna mtu anakaa kando yake wakati wote, akichoka anakuja mwingine, na kiti hakipoi.

Aliporudi akawaeleza wenzake, nao wakaeleza majirani, na hapo mji wetu ukafanya kama kawaida yake. Hakuna aliyeuliza pampu inaendeshwa na nini. Swali lilikuwa moja: wakishatoa damu, watarudisha damu ya nani? Mtu wa huku alitaka kujua kama atatiwa damu ya watu wa kule, na mtu wa kule akaapa kwamba ni afadhali azikwe. Mama Oksijeni aliwajibu wote sawasawa. "Yako. Damu yako weye mwenyewe. Hakuna mutu anaitaka." Nilikuwepo siku moja alipomjibu hivyo muuza vitenge, na niliona muuza vitenge amevunjika moyo kidogo, kana kwamba alikuwa ameshajiandaa kukasirika.

Nimekuwa nikifikiria hayo siku hizi ninapopita mjini. Tunaambiwa kuna amani, na kweli maduka yamefunguliwa, pikipiki zinapiga honi, wanafunzi wanavuka barabara kuu na sare zao. Lakini amani yetu ina mirija. Kuna askari kwenye vizuizi, kuna magari ya wageni, kuna mikutano ya hotelini, na vyote hivyo vinasukuma damu kwa niaba yetu. Sisemi ving'olewe, hasha. Nasema tu kwamba tumepewa muda, na sijui moyo wenyewe unafanya nini ndani ya muda huo. Bado mtu akiingia mahali na jina la upande fulani, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Bado tunajua nani ananunua nyama kwa nani. Nilipomwambia hivyo marehemu, alinijibu kwamba mimi napenda mifano kwa sababu sijawahi kusafisha mgonjwa.

Mwaka huu moyo wake mwenyewe ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa hawezi kulala chali, akashindwa kumaliza ile njia yetu ya Jumapili. Alijipeleka hospitali mapema, akaomba oksijeni mwenyewe, akafanya yote aliyowahubiria watu. "Moyo yangu inaomba konje," aliniambia, akimaanisha likizo, "na hapa hatuna namna ya kuipatia." Alijua kabisa kule ng'ambo wangemuunganisha na nini. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika, kwa wauguzi, kwa ukuta, kwa yeyote aliyesimama karibu, mpaka akaniambia niketi. Wodi ilikuwa imejaa, lakini upande wake watu walikuwa wamesogeza mikeka yao mbali na ule mpira. Nilizoea kumkuta na mtu mmoja tu, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akimwoshea beseni na kumgeuza ubavu. Nilidhani ni mpwa wake kutoka kijijini. Hakuwa mtu wa kusema.

Kwenye matanga watu walijaa hadi barabarani, na viti vya kukodi havikutosha. Nilikasirika nilipoviona. Wauza samaki walikuwepo, wanakwaya walikuwepo, na muuza vitenge alilia kuliko wote. Makaburini tukafika kwenye lile jambo ambalo kwetu halirukwi: kabla jeneza halijashuka, lazima mtu wa ndani asimame aeleze historia ya ugonjwa. Ulianza vipi, alipelekwa wapi, nani alimlisha, alisema nini mwishoni. Watu huisikiliza kuliko mahubiri, kwa sababu hapo ndipo kila mmoja anaamua moyoni kama marehemu ameitwa na Mungu au ameuawa na mtu. Shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe na mzee wa ukoo wao wa wafugaji, alisimama. Akakohoa. Hakuwa amefika hospitali hata mara moja, na watoto walikuwa wamefika jana yake. Mimi nilizijua Jumapili zake tu; alichokula wodini na dawa alizopewa sikuvijua. Nikaanza kusikia minong'ono ya sumu, nisiyoipenda. "Gadimalade yake alikuwa nani?" mzee akauliza. Aliyemlinda mgonjwa, basi. "Asimame."

Akasimama yule mwanamke wa kitambaa cha kijani. Alipofungua mdomo, lafudhi yake ikawafanya watu wageuke.

"Miye njo nilimulinda. Miye ni mutu ya Djugu, niko naishi mu kambi." Nyuma yangu mtu alisonya. Watu wa kwao na watu wa marehemu walichomeana nyumba, na hakuna mtu pale makaburini asiyejua alipoteza nani. Mzee aliinua fimbo yake, watu wakanyamaza. "Mutoto yangu alikufaka mu mikono yake. Mulisikia muzuri. Umeme ilikatika, mashini ya oksijeni ikasimama. Akakamata ule mufuko ya kupumulisha, akaanza kuifinya na mikono, mutoto apate hewa. Alifinya, alifinya. Niliona mutoto alisha kwenda. Na yeye aliona. Lakini hakuacha, mpaka miye mwenyewe nikamwambia, mama, inatosha. Halafu hakutoka. Alikaa na miye chini, mpaka batu ya kambi wakakuja. Hakuniuliza niko mutu ya wapi."

Akakaza fundo la kitambaa chake, akaendelea.

"Niliposikia iko peke yake, nikakuja. Chakula yake yote nilionja kwanza, mbele ya wagonjwa wengine. Yeye alikataa, aliniambia, acha ile, weye si mutu mubaya. Nilionja tu, juu nilijua leo mutaniuliza. Muende mu wodi, muwaulize. Ile asubuhi alinishika mukono, akaniambia nisogee. Nikasogea. Akalala. Hakuamuka. Hakukuwa maneno ingine."

Mzee akashusha fimbo. Kisha akasema, "Mama, kuja huku kwetu." Wanawake wa familia wakampisha, naye akatupa udongo pamoja nao, baada ya watoto na kabla ya mashemeji. Sisemi kwamba vita vilikwisha siku ile. Njiani kurudi bado nilisikia mtu akiuliza kama kuonja ni ushahidi. Mimi nilirudi nyumbani peke yangu nikaketi na mashati yangu makavu, na nimemkosa mno yule mtu wa kunibishia.

Naamini siku moja ile mashini ya moyo na mapafu itafika Bunia, na nitafurahi nikiwa hai kuiona. Itahitaji umeme usiokatika na watu waliosoma, na itahitaji pia mtu wa kuketi karibu nayo bila kuangalia mgonjwa anatoka kilima gani. Huyo tunaweza kumwandaa kuanzia sasa. Siku ile makaburini tulikuwa watu wengi tuliosema tunamfahamu marehemu, na wote tulisimama kusimuliwa kifo chake na mtu mmoja. Ndugu yako akiwekewa mpira puani, chukua mkeka uende ukakae naye. Usiwe mtu wa kusimuliwa.