Watoto Hawahesabiwi

Mtu akiniambia kompyuta ina akili, nasikia kumzaba kofi. Nimeiandikia programu tangu nilipomaliza kidato cha nne na kufundishwa pale kazini, na akili yenyewe sijaiona. Ni jitu la chuma linalojaza chumba kizima, limewekewa mashine ya baridi huku sisi tukijipepea kwa karatasi, na hufanya lile lililoambiwa tu. Liambie upuuzi, litafanya upuuzi mbio mbio. Lakini mwanamume akiharibu kazi, ofisi nzima inasema kompyuta imekosea. Nikiharibu mimi, wanasema huyu mama amechoshwa na mtoto.

Mtoto mwenyewe nilikuwa nikimwacha kwa Shosho, bikizee wa ploti ya jirani hapa Dandora, aliyewaangalia watoto wa akina mama wengi wanaokwenda kazini. Sikuwa na neno naye. Alikuwa msafi, na uji wake ulikuwa mzito. Mpaka siku mifereji yetu ilipokauka, akaenda na kundi lote kuteka maji kwenye bomba la barabarani, kule malori ya taka yanakopita. Wakarudi, akafunga lango. Mimi nashuka kituoni kutoka kazini, namkuta binti yangu kando ya barabara, amekalishwa juu ya gunia la muuza makaa, anatafuna hindi choma.

"Ni wako?" muuza makaa akaniuliza. "Nilidhani ametupwa."

Nilimbeba nikaingia kwa Shosho bila hodi.

"Shosho, ulirudi na watoto wangapi?"

Alipomwona mtoto mikononi mwangu alishika kifua. Halafu, badala ya kuomba msamaha, akanikemea. "Wewe! Watoto hawahesabiwi. Unataka wafe?"

"Huyu nusura afe kwa kutohesabiwa!"

"Kwetu hata mbuzi hatuhesabu. Unawatazama tu, unajua."

"Na leo ulitazama ukajua nini?"

Jioni nilimweleza mume wangu, nikidhani nimepata wa kukasirika naye. Wapi! Akasema Shosho ana haki, hata mama yake mwenyewe hakuwahi kumhesabu yeye na ndugu zake, na kosa ni langu. "Mama ni wa kukaa na mtoto. Mwezi ukiisha, uache hiyo mashine yako." Huyu ni dereva wa lori la saruji, anahesabu mifuko kutwa. Mifuko ya saruji haina laana. Mifuko ya saruji inalindwa kuliko binti yangu!

Kesho yake kazini nilikuwa nimefura hata kadi zikawa zinaniponyoka. Kazi ilikuwa ile ya kila siku: mafungu mawili ya kadi zilizotobolewa matundu ya kusomwa na mashine, kompyuta inachukua moja huku na moja kule, zikilingana zinapita, na isiyo na mwenzake inatupwa kando. Ni ngapi kwa jumla? Haijui, wala haina haja ya kujua. Nikawakasirikia walimu wangu wote. Walituchapa viboko tukikosea namba, na hakuna aliyetuambia kwamba kabla ya moja na mbili kuna jambo jepesi zaidi: huyu ana chake, na huyu hana.

Jumamosi nikaenda sokoni, nikanunua vikombe vya bati, kila mtoto chake, nikavitundika kwenye misumari ukutani kwa Shosho.

"Mkirudi kutoka popote, kila mmoja ashike kikombe chake ndipo ufunge lango. Kikombe kikibaki ukutani, toka nje ukatafute."

Akavitazama kwa jicho la shaka. "Hii si kuhesabu?"

"Ni uji, Shosho."

"Uji naujua," akasema.

Kabla ya mwezi kuisha, kikombe kikabaki. Shosho alitoka mbio, leso ikimwanguka, akampata mtoto wa mpangaji mwenzangu bado pale bombani, anafinyanga matope. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akijisifu.

Nikampelekea mume wangu habari hizo. Alikuwa akila. "Unaona?" akasema na tonge mdomoni. "Si nilikuambia hakuna haja ya kuhesabu watoto?"

"Basi hakuna haja ya mimi kuacha kazi."

Akaomba chumvi. Mwezi ukaisha, na habari ya kuacha mashine hakuitaja tena. Jumatatu nikampeleka mtoto kwa Shosho, nikaenda kazini nikiwa bado nimekasirika.