Burudani Iliyojificha Kwenye Maombi

Ukimwuliza Jelagat kazi yake ni nini, atavuta pumzi kwanza. Ni afisa wa utamaduni hapa Eldoret, mtu wa serikali mwenye meza, muhuri na kiti kilicholegea mguu mmoja. Lakini ofisi yenyewe anagawana na watu wa michezo, na nyavu za magoli zimerundikwa hadi dirishani. Wageni huingia wakiuliza jezi. Walinzi wa getini humwita Madam Ngoma, naye huitika, maana mtu hawezi kugombana na kila mtu kabla ya chai.

Alisoma fasihi chuoni kule Chepkoilel, akafundisha kwa miaka kadhaa, kisha akaiomba kazi hii kwa hiari yake huku dada zake wakimcheka. Anaipenda, basi. Anapenda kwenda mashinani kusajili vikundi vya waimbaji, kunywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, kwenye nyumba ambazo kukataa ni matusi, na kuketi na wazee ambao hakuna mwingine wa serikali anayewauliza kitu. Asichokipenda ni sikukuu za taifa. Mapenzi ya serikali yetu ni ya msimu. Jamhuri Dei ikikaribia, utamaduni husakwa kila pembe kama kuku aliyepotea, na wazee huvishwa ngozi na shanga, wakapakiwa kwenye basi alfajiri. Kisha mgeni wa heshima anachelewa. Muda ukibana, cha kwanza kukatwa ni burudani. Hotuba hazikatwi, hotuba zina wenyewe.

Mwaka jana, na mwaka uliotangulia, waliokatwa walikuwa kina mama wa Ziwa, mji mdogo wa soko. Kiongozi wao ni Kogo Jerop, nyanya mwembamba anayejua wimbo wa kubariki mbegu, ule ambao zamani wanawake waliuimba, vibuyu mikononi, kabla ya kupanda wimbi. Wenzake kikundini huitikia tu. Beti anazijua yeye. Kwa hiyo Jelagat alipokwenda Ziwa siku ya soko kuwaalika tena, alikwenda kwa miguu mizito.

"Wewe Jelagat," Kogo alisema akiendelea kupanga viazi vyake, "mwaka jana mlituweka kwa jua mpaka soda ikakuwa moto kama chai. Hata ng'ombe ya shoo ya kilimo inapewa nyasi."

"Pole, Kogo. Mwaka huu mtaimba."

"Hiyo ulisema."

"Nasema tena."

Kogo akamtazama. "Sawa, tutakuja. Lakini nikirudi tena bila kuimba, usinitafute. Nimechoka, mtoto wangu. Huu wimbo nitaenda nao tu kaburini."

Hakuyasema kwa hasira, na ndiyo maana yalimuuma Jelagat. Ahadi ni deni, naye hakuwa na lolote mkononi la kuitimizia.

Kwenye kikao cha maandalizi, Kim, kijana mchangamfu aliyepewa kazi ya ufawidhi wa sherehe, aliipitia ratiba kalamu mkononi. "Madam, burudani ni ya kujaza tu. Mheshimiwa akichelewa, tunaruka." Akaweka alama hapa, akapunguza pale. Alipofika kwenye maombi, kalamu ilipita mbali kidogo, kama mtu anayempisha pasta mlangoni. Jelagat aliona. Katika nchi hii utakata ngoma, utakata kwaya, utakata hata shukrani za mwenyekiti, lakini bado hajazaliwa mfawidhi wa kukata maombi.

Jioni hiyo alikwenda mtaa wa Langas kumwona Pasta Zachariah, mwenye duka la rejareja, ambaye ndiye aliyepangiwa kuomba siku hiyo. Akamweleza kwamba wimbo wa kina mama wa Ziwa ni dua: unamwomba Mungu mvua, mbegu, watoto na amani nyumbani. Pasta alisikiliza hadi mwisho huku akimpimia mteja sukari.

"Kama ni kuomba, ni kuomba," akasema. "Lakini nitafungua mimi na nitafunga mimi. Watu wa kanisa yangu wasiseme nimeanza kuabudu kibuyu."

Jelagat alirudi nyumbani akitabasamu peke yake njia nzima.

Siku ikafika. Mgeni wa heshima alitokea jua likiwa utosini, na Kim, jasho likimtiririka, akatangaza kuwa kwa sababu ya muda wataenda moja kwa moja kwa maombi, halafu hotuba. Burudani ikafa hapo hapo. Pasta Zachariah akasimama, na nyuma yake wakatokea kina mama wa Ziwa, shanga zikiwaka mabegani na vibuyu mikononi. Moyo wa Jelagat ulipiga kwa furaha tupu.

"Leo tutaombewa na mama zetu wa Ziwa," pasta alisema. "Tusimame sote. Tuinamishe vichwa. Tufumbe macho."

Maskini Jelagat! Alikuwa amepanga kila kitu, akasahau namna Wakenya wanavyoomba. Uwanja mzima uliinama. Kofia zikatoka vichwani. Mgeni wa heshima akaweka mikono mbele na kufumba macho kama mtoto wa Sande Skuli, na hata mpiga picha akateremsha kamera yake. Kogo Jerop akainua sauti. Wenzake wakaanza kucheza, wakienda mbele na kurudi nyuma, shanga zikipanda na kushuka, mbele ya maelfu ya vichwa vilivyoinama. Hakuna aliyetazama. Jelagat alitamani ardhi impasukie.

Kila ubeti ulipoisha, kikundi kiliitikia. Baadaye wazee wa upande wa viti vya plastiki wakaanza kuitikia nao, macho yamefumbwa. Waliokuwa hawaijui lugha ya wimbo wakasema amina. Kufikia ubeti wa mwisho, uwanja mzima ulikuwa ukiitikia.

Hotuba zilipoanza, Jelagat alikwenda nyuma ya mahema kwa shingo upande. Kogo alikuwa ameketi kwenye nyasi, anakula mkate.

"Kogo, nisamehe. Nimekosa. Wote walikuwa wamefumba macho. Hakuna mtu amewaona."

Kogo alitafuna, akameza, akapangusa makombo mapajani. "Nimeimba tangu nikiwa msichana. Watu wanaangalia nguo yangu, wananipiga picha, wanaongea na simu. Leo hakuna mtu ameongea. Ulisikia vile walikuwa wanaitikia?"

Jelagat akaketi kando yake.

"Mwaka ujao nitaleta wasichana wa kwetu," Kogo akasema. "Nitawafundisha maneno yote. Lakini usituweke kwa burudani."

"Niwaweke wapi, Kogo?"

"Hapo tu kwa maombi. Na uambie pasta awaambie tena wafunge macho."