Habari Tuliyomficha Yaya

Ndui ilipofika Kamina nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nafundisha wasichana wadogo kusoma na kushona katika shule ya Wametodisti, na sikuwa nimewahi kulala hata siku moja nje ya nyumba ya baba yangu. Watu walisema ugonjwa ulikuja na treni kutoka Bukama, pamoja na magunia ya samaki wakavu. Labda. Lakini vijiji vilivyo mbali na reli navyo vilishikwa wiki ile ile.

Wazee wengi hawakuugua. Walikuwa na makovu ya ndui ya zamani usoni, na ndui haimrudii mtu. Tulioanguka tulikuwa vijana, tuliozaliwa baada ya ile ya kwanza, ambao siku ya chanjo mama zetu walitupeleka shambani wakiogopa kile kisu kidogo cha daktari.

Kwangu ilianza na maumivu ya kiuno, kisha homa. Siku ya nne vipele vikatoka mdomoni na kwenye paji la uso. Baba yangu alikuwa karani wa serikali, mtu wa kufuata amri, na ni yeye mwenyewe aliyekwenda kumwita muuguzi. Nilimchukia kwa jambo hilo siku nyingi, hata baada ya kujua kwamba ndivyo alivyowaokoa wadogo zangu.

Walinipeleka ng'ambo ya reli, mahali ambapo zamani palichomwa matofali. Palijengwa vibanda vya nyasi, vikazungushiwa kamba yenye vitambaa vyeupe. Mbele ya kamba, mbali kiasi cha kulazimika kupaza sauti, palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Hapo ndipo jamaa zetu waliporuhusiwa kufika. Waliweka chini bukari, yaani ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, wakarudi nyuma, muuguzi akaenda kuchukua.

Mtu wa kwanza kunishika mkono mle ndani alikuwa mwanamke aliyenizidi miaka mitatu au minne. Uso wake ulikuwa umejaa magaga yaliyokauka, mengine yameshaanza kudondoka. Alinilaza juu ya majani ya mgomba yaliyopakwa mawese, ili ngozi isigandane na mkeka, akanifunika. Wote walimwita Yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiluba chetu, nami nikamwita hivyo hivyo.

Yaya alitoka upande wa Kabongo. Alikuwa ameolewa Kamina na mtu wa kazi za reli, na alikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mtoto alibaki kwa mama mkwe. Magaga yake yalipokwisha kudondoka angeweza kwenda nyumbani, lakini muuguzi, aliyekuwa peke yake na wagonjwa wengi, alimwomba abaki amsaidie, kwa kuwa ugonjwa haungeweza kumshika tena. Alikubali. Alituambia kwamba aliogopa kumpelekea mtoto mabaki ya ndui katika nywele na nguo zake. Nadhani pia hakuweza kutuacha.

Kila mmoja wetu alikuwa na namna yake ya kuvumilia mahali pale. Mimi nililia. Nililia nikila, nikioshwa, nikilala, mpaka wenzangu wakanichoka. Palikuwa na kijana karani wa stesheni, aliyejulikana mjini kwa suruali zake zilizopigwa pasi na viatu vyeupe. Huyo hakulia. Aliomba kioo. Kila siku aliomba kioo, na Yaya kila siku alimwambia kioo kimevunjika. Mchumba wake alikuja kwenye kichuguu mara mbili, halafu hakuja tena, na kijana akageukia ukuta wa nyasi, akakataa chakula. Yaya alikaa nyuma yake akimlisha uji kijiko kimoja kimoja, akimsimulia mambo ya mtoto wake kana kwamba kijana alikuwa ameuliza.

Alikuwa na amri zake. Ruhusa ya kulia ilikuwa asubuhi, kabla maji ya kuoga hayajapata moto. Maji yakichemka, anayeweza kusimama anashika ufagio, asiyeweza kusimama anachambua sombe akiwa amelala, na asiyeweza hata hilo anaimba. Mimi alinipa kazi ya kufundisha. Alinisukumia bibi harusi wa miaka kumi na saba, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, akasema nimfundishe kuandika jina lake. Tuliandika kwa mkaa juu ya matofali yaliyobaki pale. Siku alipoliandika bila kusaidiwa alicheka sana, akataka tofali lile lipelekwe kwenye kichuguu mume wake alione, muuguzi akakataa. Juma lililofuata akafa. Wazee wawili wenye makovu walikuja kumzika upesi, na mume wake alisimama mbali akiangalia.

Siku ile Yaya aliimba tangu asubuhi mpaka jioni. Alitwanga, aliosha watu, aliimba. Tulisema huyu ana moyo wa chuma. Tulimsifu kwa sauti, mbele yake, naye alitabasamu. Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa amechoka.

Kitu kimoja tulichompa ni swali. Kila asubuhi mmoja wetu alimuuliza habari za mtoto, naye alitusimulia alichoambiwa na mama mkwe kwenye kichuguu: kwamba sasa anatembea mpaka mlangoni, kwamba amemfukuza kuku akaanguka, kwamba anaita maji kwa neno lake mwenyewe. Tulimjua mtoto yule bila kumwona.

Kisha mama mkwe akakosa kuja, siku moja, mbili, tatu. Siku ya nne alikuja baba yangu. Aliniita kwa mkono nisogee kwenye kamba peke yangu, naye akasogea kuliko ilivyoruhusiwa. Mara ile tu nilimwona akivunja amri. Aliniuliza kama ninakula. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Mutoto wa ule mama alikufa. Ni homa, si ndui. Walishamuzika. Bakwe zake banaogopa kuja. Umuambie weye, muko naye karibu. Lakini umuambie polepole."

Nilirudi nikiwa na nia ya kumwambia. Nilimkuta anamgeuza karani upande wa pili, amemshika mabegani, na karani kwa mara ya kwanza alikuwa amemaliza bakuli lake. Sikuweza. Nikangoja jioni, nikamwambia karani badala yake. Uso wake ulikuwa umevimba kiasi kwamba sikuweza kusoma kilichokuwa ndani yake.

"Akisikia atatoka leo leo," alisema. "Na akitoka yeye, nani atatushika? Tungoje kambi ifungwe."

"Ni mtoto wake."

"Mtoto ameshazikwa. Sisi tungali hapa."

Nimeyageuza maneno yale miaka mingi. Ningependa kusema kwamba yeye ndiye aliyeamua, nami nilikuwa mgonjwa na mdogo. Lakini nilikubali, na nilikubali kwa haraka, kwa sababu niliogopa mikono ya muuguzi, iliyokuwa mizito, nikaogopa kulala bila ile sauti iliyoimba. Tuliwaambia pia wagonjwa wengine wawili wa kibanda chetu, tukawaomba wasichokoze jambo hilo. Hivyo ndivyo tulivyoacha kuuliza habari za mtoto. Naye akaacha kusimulia. Nikajiambia ni bahati.

Zikapita wiki tatu. Yaya alituosha, alituimbia, alipunguza kula. Nilimwona akisimama wakati mwingine na mchi mkononi, hautwangi, anatazama upande wa mji, kisha anaendelea. Mimi nilikuwa napona. Magaga yangu yalidondoka, nikaanza kucheka vichekesho vya karani, ambaye sasa alikula hata vya wengine.

Siku ya kutoka walitunyoa nywele, tukaogeshwa kwa maji ya dawa, tukapewa nguo zilizochemshwa. Vibanda vilitiwa moto pamoja na mikeka yetu. Tulitembea kwa kundi kuelekea kwenye kichuguu, mimi na Yaya tumeshikana mikono, na kila hatua nilisema moyoni, sasa, sasa. Kwenye kichuguu alikuwepo mume wake na mama mkwe, aliyevaa nguo ya kilio. Yaya aliuachia mkono wangu. Hakupiga kelele. Alikwenda akaketi chini mbele yao, kwenye vumbi, kama mtu aliyefika mwisho wa safari, na mume wake akaketi kando yake.

Mimi nilirudi nyumbani. Uso wangu ulikuwa na mashimo, na wanafunzi wangu waliogopa kunitazama mwezi mzima, kisha wakazoea. Nililala vizuri. Nilikula. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa mzima, mimi niliyelia kuliko wote. Karani alipata kioo, akajitazama, akalewa kwa juma moja, halafu akarudi kazini; mwaka uliofuata alioa msichana mwingine.

Yaya hakurudi. Ninataka kusema kwamba mwili wake ulikuwa mjini lakini yeye hakuwamo. Hakutoka ndani. Hakupika, hakujibu salamu. Nilikwenda mara tatu, nikakaa mlangoni, akanitazama kama mtu anavyotazama mvua. Mjini watu waliulizana imekuwaje, yule aliyekuwa na nguvu kuliko wagonjwa wote. Wengine walisema ndui ilimwingia kichwani. Mume wake alivumilia miezi kadhaa, halafu ndugu zake wakamshauri, akamrudisha kwa wazazi wake upande wa Kabongo.

Miaka minne ilipita kabla sijapata ujasiri wa kumfuata. Nilipanda lori la kanisa, kamyo iliyokuwa inapeleka vitabu. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mama yake, anachimba karanga, amekonda, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati. Alinitambua mara moja. Alinisogezea kikapu, nikainama nikachimba pamoja naye, na huko chini, nikiwa naangalia udongo tu, nikamwambia yote: baba yangu kwenye kamba, karani, siku zile zote. Hakuacha kuchimba.

"Nilijua," alisema.

Nikamuuliza nani alimwambia.

"Ni ninyi. Kila siku mulikuwa munaniuliza mutoto iko namna gani. Halafu siku moja mukaacha kuuliza, wote pamoja. Muntu anaacha kuuliza habari ya mutoto muzima?"

Nilimuuliza kwa nini, basi, hakulia, kwa nini hakutoka.

"Ningelilia na nani? Ninyi mulikuwa na kilio chenu. Miye nilisema, ngoja, bapone kwanza, baone jua." Alipukuta udongo kwenye mizizi. "Nilizani kilio kinaweza kungoja. Kumbe hakingoji. Kinaoza ndani."

Nilimwomba msamaha, akasema amesikia. Hakusema amesamehe, wala sikumlazimisha. Baadaye, tulipokuwa tunakula, akaanza mwenyewe kunisimulia juu ya mtoto, meno yake, namna alivyolala amekunja ngumi, na alisimulia mpaka dereva wa kamyo akaja kuniita. Alilia kidogo, nami nililia, na mama yake aliyekuwa anatusikiliza kutoka ndani hakutukatiza.

Nilimwandikia barua mara kwa mara, nikizipeleka kwa mwalimu wa kijiji amsomee. Majibu yalikuwa mafupi: mvua imenyesha, mihogo ni mizuri, kifua kinauma. Kifua hicho ndicho kilichomchukua, miaka michache kabla ya uhuru. Habari ilinifikia alipokuwa ameshazikwa, lakini nilikwenda hivyo hivyo. Wanaume walikuwa wametawanyika. Walibaki wanawake wachache juu ya mkeka, na mama yake, aliyekuwa haoni vizuri tena, akauliza ni nani aliyeingia. Nikasema mimi ni mdogo wa marehemu, kutoka Kamina. Wale wengine walitazamana, kwa maana walijua hakuwa na mdogo huko. Mama akavuta miguu yake, akanipa nafasi, nikaketi nao siku tatu.