Kikombe cha Plastiki Ukutani

Mtaani fundi huyu wa vigae walimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, maana hakuwa na subira na kitu kilichokaa upande, kiwe kigae au mtu. Kwa sifa hiyo akapewa ukuta wa kumbukumbu kando ya hospitali. Kila familia iliyofiwa wakati wa lile gonjwa la kuambukizana ilete kikombe cha marehemu wake. Yeye akivunje, apange vipande kwenye sementi, na jina liandikwe chini yake.

Vilikuja vya kila namna: vya maua, vya ukingo wa dhahabu, hata kimoja kilichoandikwa "Bosi".

"Kiweke juu kabisa," mjane wa mwenye kikombe hicho akasema. "Akikaa chini ya wengine hatatuacha tulale."

Watu wakacheka huku wakipangusa macho.

Kisha akaja binti wa marehemu kaka yake Timazi, akatoa kwenye mkoba kikombe cha plastiki cha bluu, ukingo umechakaa.

"Baba mdogo, hiki ndicho cha baba."

Timazi alikijua. Kaka yake alipougua, ni yeye aliyemhamishia chumba cha uani, na ni yeye aliyekataza vyombo vizuri visimfikie: apewe plastiki, itatupwa baadaye. Chai alikuwa akiisukuma kwa mti wa ufagio mpaka mlangoni, kisha anakimbia.

"Plastiki haishiki sementi, mwanangu," alisema. Ilikuwa kweli, tena kweli iliyomfaa. "Niachie, nitajua la kufanya."

Alichofanya ni kwenda kabatini kwake, akachukua kikombe cha maua, kizuri kuliko vyote, akakivunja na kukipanga juu ya jina la kaka yake. Kikapendeza mno. Wapita njia wakawa wanasimama hapo. "Huyu alikuwa na watu wake," wakasema, na Timazi akawaacha waseme.

Binti aliporudi, alipitisha kidole juu ya yale maua.

"Hiki ni cha wageni. Kile cha kabatini kwako."

"Nilitaka baba yako apendeze, mwanangu."

"Mbona hukutaka alipokuwa anaweza kukishika?"

Hakupaza sauti, lakini kina mama waliokuwa wakisubiri zamu walisikia. Timazi alikuwa na jibu mdomoni: "Wote tuliogopa." Ila na wale kina mama waliogopa, na vikombe walivyopakata ndivyo walivyowanyweshea wagonjwa wao kwa mikono yao.

Akashika tindo, akabandua maua yote, kipande kwa kipande, mbele yao. Kile cha bluu akakitoa kwenye kisanduku cha zana, akakitoboa kwa msumari na kukifunga ukutani kwa waya.

Bibi mmoja akasogea. "Masikini! Huyu alikuwa mtoto?"

Binti alimtazama baba yake mdogo, akangoja.

"Hapana, mama," Timazi alisema, macho ndani ya ndoo ya sementi. "Ni kaka yangu mkubwa. Kikombe nilimpa mimi."